Kutoa, kuazimisha, kuusia au kuuza: njia ipi inakifaa kitu unachotaka kiingie makumbusho?

Sare ya mzazi aliyepigana vitani, kamera ya mpigapicha wa zamani, shajara ya mkunga, mashine ya kuchapia iliyofanya kazi kiwandani hadi kilipofungwa: vitu vya namna hii hukaa kabatini mpaka siku moja mwenyewe anaanza kufikiria makumbusho. Hapo hukuta kwamba njia si moja. Anaweza kukitoa kitu kama zawadi, kukiazimisha kwa muda, kukiandika katika wasia au kukiuza. Tena kuna kuchagua kati ya jumba kubwa la taifa na jumba dogo la eneo, au kati ya makumbusho na hifadhi ya nyaraka.

Kabla ya kulinganisha, jiulize unataka nini hasa. Kuna anayetaka kitu kionekane na watu. Kuna anayetaka kidumu baada yake. Kuna anayetaka kiheshimiwe hadharani lakini kibaki mali ya ukoo. Hakuna njia inayotimiza yote matatu, na uchungu mwingi kati ya familia na majumba ya makumbusho huanzia pale mtoaji alipotaka hili akatia saini lile.

Mimi naegemea upande wa zawadi isiyo na masharti, itolewe mtoaji akiwa hai, ikiandamana na maelezo yaliyoandikwa. Hata hivyo kuna hali ambazo njia nyingine inaishinda, nami nitazitaja kila moja mahali pake.

Zawadi na azima

Katika zawadi, wewe na jumba mnatia saini hati ya zawadi. Hati hiyo inasema kwamba kitu ni chako kihalali, kwamba unakikabidhi, na kwamba umiliki umehama. Kitu hupewa namba, mara nyingi ikianza na mwaka: 2019.14.3 ni kitu cha tatu katika kundi la 14 lililopokewa mwaka 2019. Kuanzia hapo kila kinachojulikana kukihusu hufungamanishwa na namba hiyo. Katika azima, umiliki unabaki kwako. Mkataba unataja siku ya kuanza na siku ya kurudisha, unaeleza hali ya kitu kinapotoka nyumbani, kila mkwaruzo na kila tundu la nondo, na unaweka bima inayokilinda tangu kinapoondolewa mahali pake mpaka kitakaporudi hapo.

Ukitazama juu juu, azima ndiyo yenye usalama zaidi kwa mwenye mali, kwa kuwa hapotezi kitu. Lakini fuata kitu hicho hadi ghalani. Mhifadhi akiona mshono unaanza kuachia kwenye vazi la jumba, anaushughulikia. Akiona hivyo kwenye vazi la kuazima, hana ruhusa ya kuligusa mpaka ampate mwenyewe na kukubaliana naye. Mtafiti akiomba nyuzi chache azipime rangi, jibu ni lilelile. Na ni vigumu jumba kutumia fedha zake miaka 20 kukitunza kitu ambacho mwenyewe anaweza kuja kukichukua kesho. Kisha mwenyewe anafariki, watoto wametawanyika, anwani iliyo kwenye mkataba haina mtu, na kitu kinabaki yatima: jumba haliwezi kukirudisha, wala haliwezi kukifanya chake. Ndiyo maana majumba mengi siku hizi hayapokei ile inayoitwa azima ya kudumu. Huazima kwa ajili ya maonyesho yenye mwanzo na mwisho, basi.

Kwa hiyo azima ni njia nzuri kwa familia ambayo haiko tayari kuachia, lakini inafurahi kitu chake kionekane katika maonyesho fulani. Kuazimisha ili kupata pa kukiweka tu kitu ambacho nyumbani hakina nafasi hakumfaidi mtu yeyote.

Zawadi nayo ina gharama zake, na ni haki ya mtoaji kuzijua kabla kalamu haijagusa karatasi. Hutaweza kudai kitu kirudi. Huna pia hakika kwamba kitaonyeshwa. British Museum ina vitu wapata milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia moja hivi. Kukaa ghalani si kutupwa. Nguo na karatasi huliwa na mwanga, kwa hiyo kwa kawaida huonyeshwa katika mwanga hafifu wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa muda mfupi, kisha hurudishwa gizani. Hata hivyo, aliyetoa kwa matumaini kwamba wajukuu wataliona jina la babu yao chini ya kioo kila watakapofika, ataumia. Heri aambiwe mapema.

Gharama nzito kuliko zote ni kwamba siku moja jumba linaweza kukiondoa kitu kwenye makusanyo yake. Mwaka 2018 Berkshire Museum ya Massachusetts, Marekani, iliruhusiwa na mahakama kuuza kazi zake kadhaa za sanaa ili kupata fedha za uendeshaji na ukarabati. Miongoni mwa zilizouzwa zilikuwamo picha mbili ambazo mchoraji Norman Rockwell alikuwa amelizawadia jumba hilo mwenyewe, na wanawe walikuwa kati ya waliokwenda mahakamani kupinga. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1946, zinataka fedha za mauzo kama hayo zitumike kwa manufaa ya makusanyo peke yake. Lakini kanuni za maadili si sheria. Kwingine sheria yenyewe ndiyo inayobana: British Museum, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1963, haiwezi kuondoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Basi kabla ya kutoa, omba usome sera ya jumba ya kupokea na kuondoa vitu. Jumba makini lina sera hiyo kwa maandishi na halioni vibaya kuulizwa. Likikosa kuionyesha, nenda kwingine.

Masharti

Watu wengi hujaribu kujikinga kwa masharti: kionyeshwe daima, kisiazimishwe, vyote vikae chumba kimoja. Nawaelewa, lakini naogopa masharti kuliko ninavyoogopa ghala.

William Burrell, tajiri wa meli, pamoja na mkewe Constance, waliupa mji wa Glasgow mkusanyo wao wa maelfu ya vitu mwaka 1944. Walitaka jengo liwe nje ya mji, angalau maili 16 kutoka katikati, mbali na moshi wa viwanda ambao ungeharibu mazulia na vitambaa. Nia ilikuwa njema na sababu ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Lakini mahali pa namna hiyo hapakupatikana kwa urahisi. Burrell alifariki mwaka 1958 bila kuliona jengo, na lilipofunguliwa mwaka 1983 lilikuwa ndani ya bustani ya Pollok, mjini humohumo, hewa ikiwa tayari imesafishwa kwa sheria za kupunguza moshi. Sharti jingine lilizuia vitu visiazimishwe ng'ambo, na ilibidi Bunge la Scotland lipitishe sheria mwaka 2014 kulilegeza. Karibu miaka 40 vitu vilisubiri nyumba, na miaka 70 vilisubiri ruhusa ya kusafiri.

Badala ya sharti, andika ombi. Mwambie mhifadhi, na lisomeke ndani ya faili la kitu, kwamba jumba likilazimika kukiondoa, familia ingependa kwanza kipelekwe jumba jingine la umma, au kwamba jina la aliyekitengeneza litajwe kila kinapoonyeshwa. Ombi halifungi mikono ya jumba, na mhifadhi atakayekuja baadaye atalikuta na, mara nyingi, ataliheshimu kwa sababu halimgharimu kitu.

Kutoa ukiwa hai, au kuacha wasia

Wasia una mvuto wake. Unakaa na kitu chako hadi mwisho, unakitumia, unakitazama, na uamuzi mgumu unasogezwa mbele. Kwa mtu ambaye hawezi kuachana na kitu sasa, hii ndiyo njia ya haki, na sioni sababu ya kumlazimisha afanye vingine.

Ila wasia ni karatasi inayosomwa wakati mwandishi wake hawezi tena kuulizwa. Mchoraji J. M. W. Turner alifariki mwaka 1851 akiwa ameliachia taifa la Uingereza picha zake kwa sharti kwamba zijengewe jengo lake. Ndugu zake waliupinga wasia. Shauri liliisha mwaka 1856, taifa likapata mamia ya picha za rangi za mafuta na michoro ya karatasi kwa makumi ya maelfu, lakini jengo lililokusudiwa hasa kwa hazina hiyo, Clore Gallery, lilifunguliwa mwaka 1987. Wakati huohuo, agizo lake jingine, kwamba picha zake mbili zitundikwe kando ya mbili za mchoraji Claude Lorrain ndani ya National Gallery, London, linatimizwa hadi leo. Agizo hilo lilihitaji ukuta tu. Mwenye kuandika wasia na atafakari tofauti hiyo kati ya maagizo mawili ya mtu mmoja.

Kisa cha Hugh Lane ni kikali zaidi. Mfanyabiashara huyu wa sanaa aliandika nyongeza ya wasia akiupa mji wa Dublin picha 39 ambazo wasia wake wa awali uliziachia London. Aliitia saini, lakini hakuweka mashahidi. Mwaka 1915 akafa meli Lusitania ilipozamishwa. Nyongeza isiyo na mashahidi haikutambuliwa na sheria, na miji hiyo miwili ilivutana hadi mwaka 1959 ilipokubaliana kuzionyesha picha kwa zamu. Nia yake ilikuwa wazi kwa kila aliyesoma, ila haikutosha.

Yapo pia mambo ya mirathi. Katika sheria ya Kiislamu, unachousia nje ya warithi hakivuki theluthi ya mali. Sheria ya Ufaransa nayo huwatengea watoto fungu ambalo wasia hauwezi kuligusa. Kitu kimoja chenye thamani kubwa ya fedha kinaweza kuvuka mpaka huo peke yake, na warithi wakawa na haki ya kukidai.

Lakini hasara ninayoiona kubwa kuliko zote haimo katika sheria. Mtoaji aliye hai anaweza kukaa mezani na mhifadhi akaeleza: huyu pichani ndiye aliyeishona, doa hili ni la mafuta ya mashine, mkono huu uliongezwa baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na makumbusho ndipo msemo huo unapothibitika kila siku. Koti lisilo na jina la mvaaji, mwaka wala mahali ni koti tu, na ghala tayari lina makoti. Koti lenye barua, picha ya mvaaji na kurasa mbili za simulizi linaweza kusimamisha chumba kizima cha maonyesho.

Ukichagua wasia basi, fanya mambo haya sasa hivi: zungumza na jumba na upate barua inayosema lingependa kupokea kitu hicho, kwa kuwa jumba lina haki ya kukataa kilichousiwa, taja jumba la pili iwapo la kwanza litakataa, na uandike historia ya kitu leo, uiweke pamoja nacho.

Kuuza

Sitamlaumu anayehitaji fedha. Hans Sloane, tabibu aliyekusanya vitu wapata 71,000, aliagiza katika wasia wake kwamba mkusanyo wote uende kwa taifa, na warithi wake walipwe pauni 20,000, chini sana ya thamani yake. Alifariki mwaka 1753, Bunge likakubali, na British Museum ikaundwa mwaka huohuo. Kumbe kuuza kwa bei ya chini kwa jumba la umma ni njia yenye heshima na ya zamani, na inafaa pale familia inapohitaji kitu kidogo mkononi lakini haitaki urithi utokomee kwa mnunuzi asiyejulikana.

Ukilinganisha na mnada, jumba hulipa kidogo na hulipa polepole, kwa kuwa bajeti ya ununuzi huwa finyu na kila ununuzi hupita kwenye kamati. Mnada hulipa zaidi kwa vitu vichache vinavyogombewa, na kitu kikishanunuliwa na mtu binafsi kinaweza kisionekane tena. Usimwombe mhifadhi akukadirie bei. Kanuni za taaluma yake zinamzuia, kwa sababu hawezi kuwa mpokeaji na mkadiriaji kwa pamoja. Tafuta mthamini wa kujitegemea, na umlipe mwenyewe.

Jumba kubwa, jumba dogo

Hapa ndipo watu hukosea kwa kufuata sifa ya jina. Jumba kubwa lina mafundi wa kuhifadhi, ghala lenye joto na unyevu uliodhibitiwa, majokofu ya kuulia wadudu kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, walinzi, na orodha inayosomeka kwenye intaneti. Kitu kinachooza kirahisi, au ambacho wezi wanakitamani, kinahitaji nyumba kama hiyo.

Jumba dogo linaweza kukosa yote hayo, likawa na kitu kimoja kisichonunulika: linakihitaji kitu chako. Mashine ya kuchapia ya kiwanda kilichofungwa, ikiingia jumba la taifa, ni ya tano au ya kumi ya aina yake. Ikiingia jumba la mji ule ule kilipokuwa kiwanda, wanaofika pale ni watoto wa waliokiendesha. Mmoja ataitambua, mwingine ataongeza jina kwenye faili. Kwa kitu imara cha chuma, mbao ngumu au udongo wa kuchoma, mimi ningechagua dogo bila kusita.

Udhaifu wa dogo ni uhai wake. Lingine husimama juu ya mabega ya mtu mmoja mwenye moyo, naye akistaafu, milango hufungwa. Kwa hiyo uliza mambo yasiyopendeza: jumba limesajiliwa kwa jina la nani, na likifungwa, hati zake zinasema vitu viende wapi? Omba uone ghala, sio ukumbi. Ukikuta vitu vimeinuliwa kutoka sakafuni, vina namba na kuna mtu anayeweza kukipata kimoja ukikitaja, umepata jumba zuri hata kama paa lake ni la bati.

Makumbusho au hifadhi ya nyaraka

Barua, shajara, daftari za hesabu, ramani na picha nyingi kwa kawaida zinatunzwa vyema zaidi na hifadhi ya nyaraka. Huko msomaji anaomba boksi na kulisoma mezani, wakati makumbusho lingechagua barua moja ya kuonyesha. Usizipange upya kabla ya kuzipeleka, hata kama zinaonekana ovyo, kwani mpangilio aliouacha mwenyewe ni sehemu ya ushahidi. Kama una vitu na karatasi za mtu mmoja, uliza kama taasisi moja inaweza kupokea vyote. Vikitenganishwa, kila upande uandike upande wa pili uko wapi.

Kumbuka pia kuwa kumiliki picha si kumiliki hakimiliki yake. Chini ya Mkataba wa Berne, kazi nyingi za uandishi na sanaa hulindwa angalau maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Hati ya zawadi iseme wazi unatoa kipi.

Na kwa asiyeweza kuachia karatasi zake, kuna kutoa nakala za dijitali. Nakala haichukui nafasi ya kitu, lakini ni bora mara mia kuliko ukimya. Jumba la Taifa la Makumbusho la Brazil lilipoungua tarehe 2 Septemba 2018, lenye vitu wapata milioni 20, wanafunzi waliuomba umma utume picha ambazo wageni walikuwa wamepiga humo, kwa kuwa kwa baadhi ya vitu huo ndio ushahidi uliokuwa umebaki.

Vitu ambavyo uamuzi haumo mikononi mwako peke yako

Pembe za ndovu, ngozi na manyoya ya wanyama walio hatarini viko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na kuvivusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama ni zawadi. Vitu vya kale vilivyotoka nchi nyingine vitaulizwa vilitoka lini na kwa karatasi zipi. Majumba mengi hutumia mwaka 1970, mwaka wa Mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, kama mstari wa kukagulia. Mabaki ya binadamu na vitu vya ibada vina wenyewe, na wao ndio wa kuulizwa kwanza, kabla ya jumba lolote.

Baadhi ya vitu ni hatari kwa mwili. Wanyama waliokaushwa zamani mara nyingi walipakwa sumu ya aseniki. Filamu za nitrati, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa urahisi wa kutisha. Saa za zamani zinazong'aa gizani zinaweza kuwa na radiamu, yenye mionzi. Usifungue wala kusafisha. Piga simu kwanza.

Na hata kwa kitu salama, usikisafishe, usikipake rangi, usikizibe kwa gundi au utepe. Kipige picha pande zote, andika kurasa mbili za unachokijua, tia nakala za risiti au barua, kisha tuma hayo bila kupeleka kitu chenyewe. Kukiacha mapokezi bila miadi kunaliweka jumba mahali pagumu, kwani linashika mali ambayo halijui ni ya nani.

Kamati hukutana mara chache kwa mwaka, kwa hiyo jibu linaweza kuchukua miezi. Likija la kukataa, mara nyingi sababu ni kwamba wanacho kama hicho tayari, au hakimo ndani ya mada yao, au hawana nafasi. Muulize mhifadhi jumba gani lingekihitaji. Yeye anajua ghala la jirani lina pengo gani, na barua yake fupi ya kukutambulisha itakufungulia mlango upesi kuliko barua zako kumi.